Risasi za Udongo kwa Mtama wa Mama Mkwe

Mke wangu anasema nilianza kuwa mjinga nilipostaafu. Mimi nabisha. Ujinga nilikuwa nao zamani, ila kazi ilikuwa inauficha. Mtu akikaa ofisini mpakani miaka mingi, akikagua makaratasi ya malori na kugonga mihuri, hakuna anayepata nafasi ya kujua kama ana akili au hana. Watu wanataka muhuri, basi. Siku muhuri ulipoondoka mkononi mwangu nikabaki nyumbani hapa Gisenyi, kando ya ziwa na mpaka wa Kongo, na mikono mitupu, na hapo ndipo familia yangu ilipoanza kunifahamu vizuri.

Miezi ya kwanza nilipima vitu. Nilipima makaa yanayotosha kuivisha sufuria ya maharage, nikamshauri mke wangu apunguze, na siku hiyo tulikula maharage magumu kama kokoto. Nilipima ni nani kati ya watoto wetu anayepiga simu mara nyingi zaidi, nikamtangaza mshindi, na walioshindwa wakaacha kupiga kabisa. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na amezoea kuvumilia watu wanaosumbua darasani, aliniambia nitafute rafiki.

Rafiki alikuwa karibu. Jirani yetu ni mwanajeshi mstaafu aliyekulia Tanzania. Kiswahili chake kimenyooka kama suruali yake, na hiki chetu tulichotoka nacho Kongo kinamuumiza masikio, lakini kwa ajili ya ujirani anastahimili. Jioni hukaa barazani na simu yake kubwa akiangalia video. Siku ya kwanza niliyokaribishwa nilidhani tutaangalia mpira. Kumbe tulikuwa tunaangalia mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, amejifungia kwenye kibanda chake huko nchi za baridi, anatengeneza risasi za bunduki ya kuwindia.

Sikujua kama kuna watu wanaojitengenezea risasi kama mtu anavyojitengenezea mandazi. Mzee yule alichukua ganda tupu, akapima baruti kwenye mizani ndogo, akaimimina ndani kwa uangalifu wa mtu anayemnywesha mtoto dawa, kisha akabana kichwa cha risasi juu yake. Alipomaliza alitoka nje, akapiga shabaha mbele ya kifaa kinachosoma mwendo wa risasi. Alifanya hivyo kwa baruti ya aina moja, halafu kwa ya aina nyingine, kisha akakaa kulinganisha. Kila namba ilipotokea mimi nilisogea mbele kwenye kiti.

"Hii ya kwanza iko na vitesse mingi," nilimwambia jirani. "Donc imeshinda. Kazi imekwisha."

"Haijashinda, bwana. Tazama vizuri. Hiyo ya kwanza risasi moja inakimbia, inayofuata inachechemea. Ya pili ina kasi ndogo kidogo, lakini zote zinakwenda mwendo mmoja. Mwenye kutafuta shabaha ataichukua ya pili."

Nilirudi nyumbani nikiwa kama kijana aliyeona msichana kanisani. Sikulala vizuri. Naomba nieleweke: sina bunduki na sitaki kuwa nayo. Nilizaliwa na kukulia Masisi, kule Kongo, mahali ambapo bunduki haikuwahi kuwa mchezo wa wazee wenye ndevu, na hapa kwetu sheria haina utani na raia atakayekutwa na hata risasi moja mfukoni. Kilichoniteka ni ile mizani. Ni ile namna ya kubadilisha kitu kimoja kidogo, kupiga, kupima, kubadilisha tena. Nilijisikia kwamba Mungu aliniumba kwa ajili ya kazi hiyo na kwa bahati mbaya akaniweka kwenye ofisi ya mpakani.

Wakati huohuo mama mkwe wangu, anayeishi Nyakiriba, alikuwa na shida ya ndege. Binti yetu wa mwisho alikuwa amepata mchumba, na mama mkwe alikuwa ametangaza kwamba siku ya gusaba, siku upande wa mvulana watakapokuja kuposa rasmi, pombe itatoka kwenye mtama alioupanda yeye mwenyewe. Hakutaka mtama wa sokoni, na hakutaka kusikia habari za kreti za bia kutoka kiwandani Rubona kutangulia mbele ya pombe yake. Wajukuu wote walioolewa kabla ya huyu aliwapikia hivyo. Huyu ndiye alikuwa wa mwisho, na mguu wa mama mkwe ulikuwa umeanza kumkatalia. Alijua, na sisi tulijua, kwamba msimu mwingine hatapanda. Shamba lile dogo nyuma ya migomba lilikuwa na kazi moja tu duniani, na minana, wale ndege wadogo wa manjano, walikuwa wameshaligundua.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, maana bila hilo habari yangu ni ya mzee aliyejitengenezea manati tu. Mama mkwe wangu ni mtu wa adabu za kale. Kwake mkwe haambiwi neno kali. Hapingwi, hatumwi, hakosolewi. Akija anapewa kiti chenye mto na kusalimiwa kwa wingi kama vile wameingia watu watano. Nilioa kwake nikiwa kijana mwembamba, sasa mimi mwenyewe ni babu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia kwamba nimekosea. Siku ya ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza nililewa nikamwangukia mbuzi wake. Alimgombeza mbuzi.

Watoto wake wa kuzaa anawagombeza mpaka leo. Shemeji yangu mkubwa, mtu mzima mwenye mvi na gari, nilimshuhudia akivutwa sikio mbele ya wanawe kwa sababu alikaa mezani bila kunawa. Wote walicheka. Na mimi nilicheka, kwenye kiti changu chenye mto, lakini moyoni nilimwonea wivu. Mama yangu mzazi alifariki kule Masisi nikiwa mdogo, kabla hajanigombeza vya kutosha. Tangu nimeoa nilikuwa nangoja huyu mwingine anichukue, na yeye alikuwa anashughulika kunitafutia mto mzuri zaidi. Nilitaka awe mama yangu. Hilo ndilo nililolitaka, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu mwanamume mwenye pensheni akisema maneno hayo wanampeleka kwa daktari.

Kwa hiyo aliposema habari za ndege, mimi niliona mlango umefunguka. Nikiuokoa mtama huo, nilifikiri, atasahau kwamba mimi ni mgeni.

"Mama, ile maneno ya ndege muniachie mimi," nilimwambia.

"Murakoze, mukwe, asante sana. Lakini mutachoka. Jua ya huku iko kali, na ninyi muko mutu wa bureau."

"Sitachoka, Mama."

"Bon. Mungu awasaidie."

Leo najua alichokuwa ananiambia. Mwanamke wa adabu zake hana namna nyingine ya kumwambia mkwe kwamba tafadhali usiguse shamba langu. Lakini siku ile mimi nilisikia baraka. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja jirani yake, aliyekuwa amekubali kukaa shambani asubuhi na jioni akipiga kelele na kugonga debe kama wanavyofanya watu wote wenye mtama, nikamshukuru sana na kumwambia apumzike. Nilimwambia tunaleta teknolojia. Alinitazama kwa huruma, akachukua debe lake akaenda.

Teknolojia yenyewe ilikuwa hivi. Katikati ya shamba nilisimamisha nguzo mbili za mikaratusi na kuning'iniza bati kuukuu. Pembeni ya shamba, kwenye chungu ya mawe meusi ya volkano ambayo kila mwenye shamba huku anayo, niliweka kiti. Nikae hapo na manati, nilipige bati, bati lilie, ndege waruke. Sikutaka kuua ndege hata mmoja, wala kupasua kichwa cha mbuzi wa mtu, kwa hiyo nilikataa mawe. Risasi zangu zingekuwa za udongo wa mfinyanzi uliokaushwa, kitu kinachogonga na kuvunjika, mvua ikija kinarudi kuwa shamba. Mpaka hapo hata jirani yangu mwanajeshi alinisifu.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Na kama ungefunga kamba kwa ile bati?" aliuliza. "Unakaa kwa kivuli, unavuta. Bati inalia."

"Kamba?"

"Eh, kamba."

"Kamba haina vitesse."

"Ndege zinataka vitesse ya nini?"

Nilimwambia kwamba mambo mengine ni ya kitaalamu. Alisema sawa, na neno hilo "sawa" mtu aliyeoa muda mrefu anajua linavyosikika.

Nilianza na mchanganyiko. Yule mzee wa kwenye video alikuwa na baruti zake, mimi nilikuwa na unga wangu wa aina tatu wa kuchanganya na mfinyanzi: majivu ya makaa, mchanga mweusi wa volkano niliouchekecha kwa kitambaa cha pazia, na unga wa muhogo ambao mke wangu aliutafuta siku nzima akidhani ameusahau sokoni. Nilifinyanga vidonge mkononi, kimoja kimoja, nikavipima kwenye kamizani kadogo nilikokanunua kwa mtu wa Goma aliyekuwa ameacha kununua dhahabu. Kilichozidi nilikikwangua kwa wembe. Kilichopungua nilikirudisha kwenye bakuli. Nilivianika kwenye ungo barazani, na mama mmoja wa kwaya aliyekuja kumsalimia mke wangu aliuliza kwa sauti ya chini kama ni dawa ya tumbo, na kama tunaweza kumpa kidogo.

Mipira ya manati nayo nililinganisha. Tube ya baiskeli ilikuwa laini na ya haki. Tube ya pikipiki, niliyopewa na kijana wa moto, yaani wa bodaboda, aliyekuwa ananipeleka Nyakiriba, ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Nilipoivuta mara ya kwanza ilinitoka na kunipiga sikioni, nikakaa chini ya mgomba nikisikia kengele za kanisa ambalo halipo. Nilirudi kwenye baiskeli.

Kupima mwendo ndiko nilikojivunia zaidi. Kile kifaa cha Wazungu sikuwa nacho, lakini simu inarekodi sauti. Niliiweka pembeni ya kiti. Mpira ukiachia, simu inasikia mlio. Risasi ikigonga bati, inasikia mlio wa pili. Kwenye kioo milio hiyo inaonekana kama vilima viwili, na nafasi iliyo kati yake ndiyo muda risasi iliosafiri. Umbali ninaujua. Mengine ni hesabu ya shule ya msingi. Nilimwonyesha jirani yangu matokeo ya wiki nzima. Aliyatazama kwa makini, akanirudishia simu.

"Na sauti ya bati kurudi mpaka kwenye kiti chako, haisafiri?" aliuliza. "Umeihesabu na yenyewe humo ndani."

Nilirudia wiki nzima.

Wakati wote huo ndege walikuwa wanakula. Nilikuwa nawaona. Lakini mtu anayefanya majaribio hana haraka, na mimi nilijiambia kwamba wanakula kidogo sasa ili wasile kabisa baadaye. Matokeo yalianza kuonekana. Udongo wa majivu ulikuwa mzembe, unaondoka umechoka na ukifika unageuka vumbi bila hata kulisumbua bati. Udongo wa mchanga ulikuwa na kasi ya ajabu, bati likilia mpaka majirani wanatoka nje, ila risasi moja inagonga katikati na inayofuata inakwenda kutafuta maisha yake kwenye migomba. Udongo wa muhogo ulikuwa wa wastani, hauna maajabu, na kila kidonge kilifika palepale kilipofika kilichotangulia. Kuku wa mama mkwe ndio walioupenda zaidi. Walikuja kukaa chini ya bati wakingoja vipande, na nilipopiga hawakushtuka hata kidogo.

Mtu mwenye akili angechukua wa muhogo akaanza kazi. Nilikuwa nimeambiwa wazi barazani kwa jirani, tena kwa Kiswahili kizuri. Lakini wa mchanga ulikuwa unanivuta. Nilitaka kasi ya mchanga na utulivu wa muhogo, vyote pamoja, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganya mchanganyiko na mchanganyiko, na kila siku nilikuwa na ungo mpya.

Sasa nafika mahali pabaya. Mtama unapokomaa unakuwa mrefu kuliko mtu, na majani yake yanacheza na upepo wa ziwa. Risasi ikigusa jani inapoteza mwendo, na kipimo kinaharibika. Nilivumilia siku kadhaa. Kisha nilikata mabua machache, yale tu yaliyokuwa yanaziba kati ya kiti na bati. Machache kabisa. Siku iliyofuata nikaona kuna mengine mawili matatu yanaingilia upande wa kushoto. Halafu jua likawa linanipiga machoni jioni, nikahamisha kiti, na kutoka kule kwenye kiti kipya bati halikuonekana, kwa hiyo ikabidi nifungue njia nyingine. Nilipobadilisha mpira nilihitaji umbali tofauti. Naapa kwamba kila bua lilikuwa na sababu yake. Masuke yaliyoanguka nililaza vizuri pembeni ya njia, nikipanga kuja kuyachukua siku nikipata nafasi.

Mama mkwe hakuwa anafika shambani kwa sababu ya mguu. Kila nilipopita uani kwake alikuwa amekaa kwenye jamvi lake, na mimi napewa kiti.

"Ndege zinaendelea aje, mukwe?"

"Vitesse imepanda, Mama."

"Imana ishimwe," alisema, akimshukuru Mungu kwa jambo ambalo hakulielewa, na mimi nilikunywa chai yangu kama mtu aliyetoka kujenga daraja.

Siku nilipopata mchanganyiko niliouona umekamilika, nilitaka auone. Nilimwomba aje shambani. Mke wangu alimshika mkono mmoja, fimbo ikashika wa pili, na jirani yangu mwanajeshi, niliyemwalika kama shahidi, alitembea nyuma yao akiwa amevaa kofia nzuri. Mimi nilitangulia mbio kujiandaa. Ndege walikuwa wamejaa, jambo lililonifurahisha, maana onyesho linahitaji ndege.

Walipofika kwenye chungu ya mawe nilivuta mpira mpaka shavuni nikaachia. Risasi ilikwenda vizuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Bati lililia kama limepigwa na radi. Ndege wote waliruka kwa pamoja, wingu zima la manjano, nami nikageuka kuwatazama watu wangu nikiwa nimefungua mikono.

Ndege walizunguka mara moja juu yetu. Kisha walishuka taratibu, wakatua kwenye njia zangu, chini, kwenye masuke niliyoyapanga, wakaendelea kula bila hata kuangalia bati. Walikuwa wamelizoea siku nyingi. Na kwa mara ya kwanza mimi mwenyewe niliziona zile njia kwa macho ya mtu anayesimama pale wanaposimama wageni. Shamba lilikuwa kama kichwa cha mtu aliyekatikiwa na umeme katikati ya kunyolewa.

Jirani yangu alivua kofia, akaitazama ndani.

Mama mkwe aliinama kwa shida akaokota suke moja, akaligeuza mkononi. Nilimwona akitafuta neno la adabu. Nilimwona kabisa, mdomo wake unajaribu kushukuru, na neno halikuja.

"We!" alisema.

Nilitazama nyuma kuona anamwambia nani.

"We mutu muzima, akili yako iko wapi? Ndege inakula masuke, we unakata mpaka na mabua! Nilikuambia jua iko kali, hukusikia? Nani alikutuma kwa mutama yangu? Nani? Tupa hiyo kitu! Tupa! Kuja hapa, uokote. Yote! Na usiniinulie kichwa!"

Akaokota bua, akanichapa nalo mgongoni.

Niliitupa manati nikainama. Niliokota suke baada ya suke, kuku wakinipita kati ya miguu, na yeye akinifuata nyuma kwa fimbo yake akinionyesha niliyoyaacha. Nilikuwa nimeaibika mpaka masikio yanawaka, hata lile lililopigwa na tube. Niliona kwa macho yangu kiasi nilichomharibia, na roho iliniuma kweli, kwa sababu mama huyu alikuwa na shamba moja na mjukuu mmoja aliyebaki. Na chini ya aibu hiyo yote, sitaficha, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu utotoni. Alinichapa tena nilipoliacha suke moja chini ya jani, na nusura nimwambie asante.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kesho yake. Asubuhi shemeji yangu mkubwa, yule wa sikio, alisimamisha gari lake mbele ya nyumba yetu akiwa amevaa koti. Mkononi alikuwa na kuku jike amefungwa miguu. Alikaa, akakohoa, akasema kwa kituo kama mtu anayesoma barua kwamba mama alisukumwa na hasira, kwamba amemkosea mkwe wake mbele ya watu, kwamba anaomba radhi na anatumaini mkwe ataendelea kuiheshimu nyumba yao. Kuku alikuwa wa kuombea msamaha.

Nilimkataa kuku. Shemeji aliogopa, akadhani nimekasirika sana, akasema anaweza kurudi na mbuzi. Mke wangu ilibidi ampokee kuku yule ili mambo yasifike kwenye ng'ombe. Nilipokwenda Nyakiriba jioni nilikuta kiti kimewekwa uani na mto wake, na mto wenyewe ulikuwa mpya.

"Mukaribie, mukwe," alisema mama mkwe, macho chini. "Mupumzike."

Nilikaa juu ya mto ule nikiwa na huzuni kubwa. Nilikuwa nimeuharibu mtama wake, na sasa hata hasira yake ilikuwa imerudishwa kabatini. Yule mama mwenye debe alikuwa ameitwa tena, na kutoka shambani nilisikia kelele zake, mbaya na zisizo na kipimo chochote, na hakukuwa na ndege hata mmoja hewani. Siku ya kuvuna nilikwenda. Siku ya kupura nilikwenda nikachukua fimbo na kupiga masuke pamoja na wengine, na kila mara mama mkwe alisema, "Mutachoka, mukwe, muache vijana wafanye." Nilipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikitumaini nitapiga vibaya aone. Niliona anaona. Akaagiza niletewe kiti.

Mavuno yalikuwa kidogo. Watoto wake walimsihi aongeze mtama wa sokoni ili pombe itoshe, naye akakataa katakata. Aliotesha kimea kutokana na ule wake, akakikausha, akasagisha, akapika. Chungu kikubwa hakikujaa hata nusu, kwa hiyo alihamishia kwenye kile kidogo ili kisionekane kitupu.

Siku ya gusaba ilifika. Wakwe wapya walikuwa watu wa Bukavu, wamekaa hapa miaka mingi lakini Kiswahili bado ndicho kinachowatoka haraka. Hotuba zilipigwa, ng'ombe walisifiwa, binti yetu alitolewa nje akiwa mzuri mpaka nikausahau mtama kwa muda. Kisha pombe ya bibi ililetwa, kidogo kidogo, na wazee wa upande wao wakapewa kwanza. Mmoja wao, mzee mchangamfu mwenye sauti ya mahubiri, alionja akafumba macho.

"Hii iko muzuri sana, Mama," alisema. "Muzuri kabisa. Lakini mbona iko kidogo hivi? Ama munatufichia ingine kule nyuma?"

Watu wa upande wao walicheka. Niliangalia viatu vyangu. Mke wangu, pembeni yangu, alinishika mkono chini ya meza. Nilijua mama mkwe atasema mvua ilikuwa mbaya. Ndivyo mtu wa adabu anavyosema.

"Ndege zilikula kidogo," alisema mama mkwe. "Yenye ilibakia, ni mutoto yangu alimaliza."

"Mutoto gani huyo?" mzee aliuliza, akiwatazama shemeji zangu mmoja baada ya mwingine waliokaa mstari wa mbele.

Mama mkwe aliinua mkono, akaninyooshea kidole mbele ya wageni wote.

"Si hao. Ule wa koti ya kijivu. Simama, wakuone."

Nilisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.